Mgongo wa Mwamini

Poda bado imo katika mishono ya viatu vyangu vya Jumapili, na sina haraka ya kuitoa. Jumamosi iliyopita Kimya, binti mdogo wa Mwamini, alipata matokeo yake ya kumaliza shule ya msingi, na kama ilivyo desturi yetu hapa Likasi, waliofaulu walimwagiwa poda nyeupe kuanzia utosini mpaka kwenye soksi, na kila aliyethubutu kuwakumbatia akaondoka na fungu lake. Mimi nilimkumbatia mara mbili. Mama yake alikuwa amenipigia simu asubuhi, akaniambia nisijaribu kusema nina zamu wala nimechoka, nifike tu Shituru kabla bukari, ugali wetu, haijapoa. Nikafika. Nyumba yao ni moja ya zile za matofali zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, zenye veranda nyembamba inayotosha viti vinne na sufuria moja, na siku moshi wa kiwanda unapoelekea upande wao koo linakwaruza mpaka unasahau ulichotaka kusema. Siku hiyo upepo ulituhurumia. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikala samaki wa ziwa Tshangalele mpaka nikalegeza mkanda, kisha nikasikia jambo nililokuwa nimelisubiri karibu miaka kumi na mitano bila kujua kwamba nalisubiri. Nitalifikia. Ila ili lieleweke ni lazima nirudi kwenye mwaka ule nilipojifunza kuutazama mgongo wa mwanamke, nikiwa na miaka ishirini na minane, na kiburi changu kikiwa kimekwisha kuvunjwa mara moja.

Aliyekivunja ni Mwamini mwenyewe, miaka mitatu kabla ya hapo. Kazi yangu ni kutia ganzi na kulaza watu usingizi katika chumba cha upasuaji, na wakati ule nilikuwa nimetoka shuleni juzijuzi, najiona nimekamilika. Mwamini alikuwa mke wa Ramazani, dereva wa lori, wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema zikashika maduka na usukani katika mji wetu. Alikuwa mfupi, mcheshi, na mgongo wake ulikuwa umepinda tangu utotoni, bega moja juu na jingine chini, hata kitenge alichojifunga hakikuwahi kukaa sawa. Mtoto wake wa kwanza alikwama, ikabidi apasuliwe. Nikamkalisha kitandani, nikapapasa mifupa ya kiuno kwa kidole gumba kama nilivyofundishwa, nikachoma. Mfupa. Nikachoma tena juu kidogo. Mfupa. Mara ya tano mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka, na daktari wa upasuaji akaniambia basi, mlaze kabisa. Nikamlaza. Aziza akatolewa akiwa mzima, na mama yake akaamka baada ya saa mbili. Kufikia hapo bibi alikuwa amekwisha kumbeba mjukuu, baba alikuwa amekwisha kumwadhinia sikioni, na majirani walikuwa wamekwisha kubishana amefanana na nani. Mwamini akaletewa mtoto aliyevishwa nguo tayari, akauliza kwa sauti nzito ya usingizi, huyu ni wa nani. Waliokuwepo walicheka kwa upendo. Mimi niliuona uso wake alipoelewa, nikatoka nje nikaenda kuosha vifaa ambavyo tayari vilikuwa safi.

Dokta Nsenga alitujia kutoka Lubumbashi mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia, kwa mkataba wa miezi kumi na miwili. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya chini, na alishuka garini na katoni tatu za sindano ndefu na mirija myembamba, pamoja na mfuko wa chikanda, ile mikate ya mizizi na karanga ambayo aliila asubuhi, mchana na jioni. Alikuwa na mawazo mawili, na yote mawili yalituchekesha. La kwanza, kwamba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa apewe peridurali, yaani ganzi inayotiwa kidogokidogo kwa mrija mgongoni, abaki macho, ajue kila kinachotendeka, ila asiumie vile. Tulikuwa tumesikia kwamba mambo hayo yapo kwa wenye uwezo, katika miji mikubwa. Hapa kwetu mwanamke alipewa maji ya kunywa na maneno ya kumtia moyo. La pili lilikuwa la ajabu zaidi: alitaka ile mashine ya ekografi, tuliyoitumia kuwatazama watoto tumboni, igeuzwe itazame migongo ya mama zao, ili sindano isiingie mpaka macho yameona njia. Mwenye ufunguo wa chumba cha ekografi, fundi mmoja mzee, alisema kwa uso mkavu kwamba mashine ikizoea migongo itasahau matumbo. Mwishowe akatukubalia saa ya chakula tu, kwa sharti kwamba sahani yake iletwe humohumo na yeye abaki kulinda.

Basi mwaka wangu ukajaa saa sita za mchana. Chumba kile kilikuwa kidogo, pazia la bluu limefungwa ili kioo kionekane vizuri, kunanukia jeli na samaki wa kukaanga, na fundi yupo pembeni anamega bukari huku akitukumbusha tusivute waya. Wiki ya kwanza Dokta Nsenga alinunua sokoni uti mzima wa mgongo wa mbuzi. Muuzaji alipoambiwa asiukate vipande alimuuliza mara tatu kama ni wa dawa za kienyeji. Tukauzamisha kwenye beseni la maji, tukaweka kifaa cha mashine juu ya maji, na kwenye kioo kukawa na kijivu, na weusi, na kijivu tena. Sikuona kitu. Akanisogeza mkono kidogo sana, na ghafla akatokea popo. Sisemi kwa mafumbo. Kila anayefanya kazi hii anamjua popo huyo, ana kichwa, ana masikio, ana mabawa mawili yaliyokunjuliwa, ni kivuli cha mifupa ya pembeni. Ukiona weusi mtupu, uko juu ya mfupa na huna pa kupita. Popo akijitokeza, mlango upo, na unaweza kuupima una kina gani. Tulimtafuta popo wa mbuzi kila mchana mpaka nikaweza kumpata bila kusaidiwa, na siku hiyo tukautoa ule uti majini, tukaupika na nyanya nyingi, na fundi akafyonza uboho wake akisema kwamba sayansi hii ameanza kuikubali.

Mkono nao ulikuwa na shule yake. Tulinunua ndizi kwa chana, tukachoma sindano kwenye ganda huku tukisukuma bomba la sindano lenye maji, maana ganda linakataa na nyama ya ndani inakubali, na kujua sekunde ile ya kukubali ndiyo kazi yenyewe. Ndizi zilizotobolewa tuliwapa wakunga, wakazila wakilalamika kwamba zimelowa. Baada ya ndizi tukaja kwenye migongo yetu wenyewe, bila sindano, na wa kwanza kuvua blauzi alikuwa Dokta Nsenga. Nakumbuka aliinama juu ya meza ile, anacheka kwa sababu jeli ilikuwa baridi, na mimi namtafuta popo wake ndani ya unene wote ule. Nilipompata nilipiga kelele ya furaha mpaka mgonjwa mmoja akafungua mlango. Kabla ya hapo nilikuwa nimezoea kufanya kazi na watu wakubwa waliotufanya tuogope kuuliza. Yeye alitupa mgongo wake tujifunzie, na kila nilipopapasa kwa mazoea ya zamani alinipiga kofi dogo mkononi, akaniambia, "Kidole inadanganyaka, Odeta. Angaria kwanza." Leo nina miaka arobaini na nawafundisha wengine, na kofi hilo nalitoa vilevile.

Kulikuwa na kikwazo ambacho mashine haikukiona. Chumba cha uzazi kilikuwa na madirisha mapana yaliyoelekea uwanja wa nyuma, na huko ndiko familia zilikongojea, na masufuria yao, na mikeka, na sombe, yaani majani ya muhogo, ya kutwanga ili siku isipotee bure. Hawaruhusiwi kuingia, kwa hiyo wanafuata uzazi kwa masikio. Aliyesifika kwa kazi hiyo alikuwa Bibi Sakina, mama mkwe wa Mwamini, mama mrefu mwenye mtandio mweupe na mdomo usio na breki. Wanawake wa Shituru walimchukua hata kwa mabinti wasio wa ukoo wake, akae chini ya dirisha awaambie mambo yamefika wapi. Nilimsikia mara nyingi nikipita na trei yangu. Alikuwa anasema huyu bado analia na kichwa, atakapoanza kulia na tumbo ndipo mchemshe maji, na wakunga wenyewe walikiri kwamba alikosea mara chache. Mtu wa namna hiyo angefurahia vipi uzazi usio na sauti? Alitangaza uwanjani kwamba sindano ya mgongo inalemaza watu, na kwamba mwanamke aliyenyamaza hakuna anayeweza kumsaidia kwa sababu hajulikani aliko. Tulipoanza na wanawake wachache waliokubali, familia zililalamika kwamba zimewekwa gizani. Dokta Nsenga akaweka kanuni: kila tunapotia ganzi, mmoja wetu atoke nje kuwaeleza walio chini ya dirisha kwamba mama yupo, anaongea, hana neno. Kazi hiyo alinipa mimi.

Katika miezi ya baridi Mwamini akarudi, tumbo likiwa limejitokeza. Nilimwona kwenye korido, nikaingia stoo nikajifanya nahesabu glavu. Dokta Nsenga alinikuta humo, akaniangalia, akanishika mkono kama mtoto mtoro wa shule akanipeleka hadi kwenye benchi. Nilijitayarisha kutukanwa. Mwamini alinisogezea nafasi nikae. Akatueleza kwamba maumivu hayamtishi, anayajua, amelelewa nayo mgongoni. Anachoogopa ni usingizi. Mtoto wake wa kwanza alilia duniani mara ya kwanza na kila mtu akamsikia isipokuwa yeye, na mpaka leo Aziza anapolia anamwona kama anarudia wimbo ambao mama yake hakuwepo ulipoanza. Kisha akanigeukia mimi.

"Weye ulikuwa pale," akasema. "Aziza alilia namna gani?"

Nilikuwa pale, ndiyo, hatua mbili kutoka kwa mtoto. Lakini nilikuwa natazama mpira wa hewa, natazama dripu, natazama kidole chake kama kina rangi, na ninaogopa. Mtoto alilia, lazima alilia, na mimi sikumsikia. Ningeweza kudanganya, maana watoto wachanga wanakaribiana, nani angenipinga? Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Sijue, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Sikusikiliza."

Akanipiga goti lake kwenye goti langu.

"Bon," akasema. "Safari hii tusikilize bote mbili."

Daktari wa upasuaji alikubali ajaribu kuzaa mwenyewe, kwa kuwa kovu lilikuwa na miaka mitatu na chumba cha upasuaji kipo mlango wa pili. Mpango wa Dokta Nsenga ulikuwa mrija uwekwe mapema, uchungu ukiwa bado mdogo. Mambo yakienda vizuri, atazaa bila kuteseka. Yakienda vibaya, dawa kali zaidi itapitishwa kwenye mrija uleule, atapasuliwa akiwa macho. Kwa vyovyote atamsikia mtoto wake. Yote hayo yalitegemea mimi nipate mlango kwenye mgongo ulionishinda mara tano. Alikuja mara tatu saa ya chakula, akakaa ameinama amekumbatia mto, anamtania fundi kuhusu samaki wake, na sisi tunachora ramani. Popo wake alikuwa amelala upande, bawa moja juu na jingine chini, kama bega lake. Mifupa yote ya kiuno ilikuwa imegeukia kushoto, kwa hiyo katikati niliyoipapasa ile siku haikuwa katikati hata kidogo. Ningechoma mara hamsini ningekuta mfupa mara hamsini. Nilipoona hivyo nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Ziara ya kwanza niliweka alama kwa kalamu, tukajaribu kupaka ile dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, na alama ikafutika yote, mgongo ukabaki safi bila hata nukta. Dokta Nsenga akachukua kifuniko cha plastiki cha sindano, akakikandamiza kwenye ngozi mpaka kikaacha duara dogo lililobonyea, akapaka dawa, duara likabaki. Mwamini akauliza kama tunampiga muhuri wa posta.

Uchungu wake ulianza Alhamisi moja ya Novemba, asubuhi, na alikuja kwa miguu akiegemea mkono wa Bibi Sakina. Bibi alinikagua kuanzia juu hadi chini, akaenda kushika nafasi yake chini ya dirisha na wanawake sita na furushi la sombe. Ndani tukamkalisha Mwamini. Dokta Nsenga akashika kifaa, popo akajitokeza amelala upande wake uleule, tukapima, sentimita tano na nusu, tukakandamiza duara. Kisha mashine ikawekwa kando na nikabaki mimi na sindano. Nilielekea kushoto, pale ambapo kidole changu kingeapa kwamba hakuna kitu. Nikasukuma polepole. Ganda likakataa, likakataa, jasho likanishuka hadi kwenye kidevu, na kwenye tano na nusu bomba likakubali. Sikuamini. Nikapitisha mrija, ukaingia bila ubishi, nikabandika plasta mgongo mzima.

Mwamini, aliyekuwa amefumba macho na kuuma mto, akauliza, "Mulishaanza?"

Dokta Nsenga alikaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa akacheka mpaka machozi. Baada ya robo saa Mwamini alikuwa ameegemea, uso umelainika, anaomba chai ya rangi yenye sukari nyingi, anatusimulia kwa sauti ya chini jinsi Ramazani alivyowahi kusahau kuku mzima kwenye injini ya lori. Tumbo lilikaza na kulegea, yeye aliliwekea mkono tu, akasema anamsikia mtoto anashuka kama mtu anayeteremka ngazi na viatu vyake mkononi. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo kazini. Nilimkorogea chai mimi mwenyewe. Na katika furaha hiyo nikasahau kutoka nje.

Yaliyotokea chini ya dirisha nimesimuliwa na wanawake wote sita, kila mmoja kwa namna yake. Bibi Sakina alikuwa anafuata sauti ya mkwe wake vizuri, anawaeleza wenzake, na sauti ikakatika katikati. Akasimamisha kutwanga. Akangoja. Saa nzima ikapita, kimya. Kisha akasikia chuma kikigonga, ti, ti, ti, akajua ni visu vya upasuaji. Kilikuwa kijiko changu kwenye kikombe. Akangoja tena, hakusikia hata mguno, na katika miaka yote ya sikio lake mwanamke aliyenyamaza namna hiyo, na asitoke mtu kueleza, alikuwa mmoja tu, na huyo alizikwa. Akavua mtandio, akaketi chini kwenye vumbi jekundu, akaanza kumlilia Mwamini, na wale sita wakampokea.

Sisi tulikuwa tumefika mwisho. Mkunga alikuwa anamwambia Mwamini ajiandae kusukuma, ndipo kilio kikaingia dirishani kwa nguvu zote. Mwamini akainua kichwa akauliza nani amekufa, maskini. Mkunga akaenda dirishani, akachungulia, akarudi ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamtikisika.

"Njo weye," akamwambia, yaani aliyekufa ni yeye.

Mwamini alimtazama. Kutoka nje tulisikia jinsi alivyokuwa mkwe mwema, jinsi sombe yake ilivyokuwa haina mfano, jambo ambalo, alituambia baadaye, hakuwahi kulisikia akiwa hai. Kicheko kikamshika tumboni. Alijaribu kukizuia kikamshinda, akacheka mwili mzima, na mkunga, aliyekuwa amerudi mahali pake, akaacha kucheka ghafla akamwambia acheke tena, acheke hivyohivyo, kichwa kinakuja. Akacheka. Mtoto akatoka mama yake akiwa anacheka, na kwa kitambo kidogo alilala mikononi mwa mkunga bila kusema neno. Mwamini akanyamaza. Akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi, akitukataza sote tusitoe sauti. Dokta Nsenga alisimama na glavu hewani. Mimi nilishika pumzi. Sauti nyembamba ikapanda, ikakatika, ikarudi ikiwa nene, na nje, uwanja mzima, kilio cha msiba kikakatika papo hapo. Hakuna aliyepumua isipokuwa mtoto. Mwamini alisikiliza akiwa amefumba macho, mikono bado juu, machozi yanamtiririka kuingia masikioni, na mimi nilisikiliza pamoja naye mpaka mwisho, kama tulivyokubaliana.

Mtu fulani alikuwa amekwisha kumpigia simu Ramazani. Alifika alasiri na lori bado limebeba magunia ya unga, uso umevimba kwa kulia, akamkuta marehemu anakula. Akaketi sakafuni palepale mlangoni, na ilichukua muda kabla ya kuweza kumwadhinia binti yake bila sauti kukatika. Jina lilitolewa na Bibi Sakina: Kimya, kwa kuwa alipolia yeye wote walinyamaza. Mimi Bibi hakunisamehe haraka. Jioni alifunua shuka akamfinya Mwamini kidole kikubwa cha mguu, na mguu uliporudi nyuma kwa nguvu akasema haya, hajalemaa. Mwaka uliofuata alikuwa chini ya dirisha kama kawaida, na palipokuwa kimya aliwaambia wageni wasivue vitambaa, ni ile sindano, wangoje. Dokta Nsenga alirudi Lubumbashi mkataba ulipokwisha, akaniachia lile beseni. Tangu Alhamisi ile, mtoto akitoka, hata nikiwa na kazi gani mkononi, nasikiliza. Wenzangu wanadhani naomba.

Narudi sasa kwenye veranda ya Shituru. Kimya ni mtoto ambaye jina lake limemkosa kabisa. Alikuwa anapiga kelele tangu nilipofika, na poda inamdondoka kila anaporuka. Tulipomaliza kula, Mwamini aliwaambia wageni kwamba kuna mtu hapa aliyesikia Kimya akija, na akaniomba nionyeshe alivyolia. Mimi, na mvi zangu na miwani yangu. Nikaweka sahani chini, nikalia kama mtoto mchanga: nyembamba, kukatika, nene. Wageni waliangua kicheko, Kimya akaanguka juu ya mkeka.

"Apana," akasema Mwamini. "Alikohoa kwanza." Na akalia yeye: kikohozi kidogo, kisha nyembamba, kisha ule mkato, kisha nene. Alikuwa sahihi. Alikitunza kilio hicho kuliko mimi, na nilifurahi kusahihishwa.

Hapo ndipo Aziza, msichana mrefu sasa, aliyekuwa anapita na jagi la munkoyo akitujazia vikombe, alisimama. Akauliza kwa mchezo, akitabasamu, "Na minye, mama? Minye nililia namna gani?"

Mwamini alinitazama, na mimi nikatazama sahani yangu. Yeye hakujua, na mimi sikujua, na tabasamu la Aziza likaanza kupungua. Ndipo kutoka kwenye godoro la pembeni, ambako tulidhani amesinzia, Bibi Sakina akajikohoza. Macho yake hayaoni tena vizuri, lakini sikio ni lilelile.

"Weye?" akasema. "Weye minye nilikusikia. Si nilikuwa pale chini ya dirisha?"

Bila shaka alikuwepo. Alikuwepo siku zote mbili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefikiri kumuuliza. Mwamini aliniambia baadaye kwamba mama mkwe humuombi kitu ambacho ulipaswa kuwa nacho mwenyewe, na Bibi alisema kwamba alinyamaza kwa heshima, akidhani kumkumbusha mkwe siku ile ni kumfungua kovu. Sasa akarekebisha mtandio wake, akaketi wima.

"Ulilia mara tatu," akasema. "Kiloko, kiloko, kisha kubwa, sawa vile muntu mwenye anakasirika."

Akaweka kiganja kando ya mdomo, akalia. Mlio mdogo, mlio mdogo, kisha mmoja mrefu wenye hasira. Aziza alikuwa bado ameshika jagi. Kimya mwenyewe aliacha kelele. Na Mwamini akainua mikono yote miwili, viganja wazi, kama alivyofanya kwenye kitanda kile, akifumba macho.

"Tena, mama," akasema.

Bibi Sakina akalia tena, polepole zaidi, ili mkwe wake asikose kitu.